Baba Amekuwa Mgeni Nyumbani

Nyumba ya nyuma ya karakana,
S.L.P. 212,
Jumatano, 14 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana. Kifua kimetulia? Wifi yangu na mapacha wazima? Sisi huku tunapumua. Miguu ya Mama inavimba jioni, lakini mdomo wake haujavimba, bado anatugombeza sote.

Nakuandikia habari za Baba. Usishtuke, haumwi. Amebadilika, na kubadilika kwenyewe ndiko kunakonitia hofu.

Unamjua. Mtaani Fundi Radi, kanisani mzee wa kanisa, kiti cha mbele miaka yote, na sisi nyuma yake tumevaa mikono mirefu kwenye joto ili kuficha alama za mkanda. Mwezi uliopita, saa sita mchana, alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Ghafla randa ikanyamaza. Nilipochungulia nikamkuta ameinua mikono yake mbele ya uso, anaitazama kama ya mtu mwingine. Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hii mikono imefanya nini?"

Nina miaka arobaini. Hajawahi kuniita mwanangu.

Tangu siku hiyo nyumba imepoa mpaka inatisha. Zamani ulimsikia tangu kona ya mtaa. Sasa unageuka, unamkuta amesimama nyuma yako na kikombe cha chai amekuletea. Paka aliyekuwa akimkimbia sasa analala miguuni pake. Wiki iliyopita mteja alimtukana, akamwagia vanishi kabati lililokwisha kutengenezwa. Tukajibanza ukutani. Baba alikunja ngumi, akaikunjua, kisha akapiga magoti, akaanza kufuta.

Mama akaangua kilio. "Jamani, nirudishieni mume wangu! Yule angalau namjua."

"Yule amekufa, mama watoto," Baba akasema. "Hata mimi naogopa asije akafufuka."

Halafu kuna stoo. Ndiyo, ile ile. Kila alasiri anaingia, anarudishia mlango, na anaongea. Mama alimuuliza anaongea na nani humo. Akajibu, "Na mwanangu niliyemfungia. Namwita yeye, lakini anayeitika ni mwingine."

Jana nilitega sikio mlangoni. Alikuwa anataja makosa yake moja moja, na baada ya kila moja ananyamaza, kama mtu aliyeuliza swali. Hata mimi nilijikuta nangoja jibu. Akafika kwenye zile siku mbili ulizokaa gizani ukiwa na miaka tisa. Kisha akasema, "Na dada yake alikuwa na ufunguo wa akiba. Nilimwona ameushika. Aliniogopa mimi, Bwana. Hilo nalo ni langu."

Sikuwahi kumwambia mtu. Nilisukuma mlango. Alikuwa amepiga magoti katikati ya makopo ya rangi. Uso ulikuwa wa Baba, lakini macho yale sijui yametoka wapi. Niliyaogopa kuliko mkanda. Hayakuwa na hasira hata chembe. Yalikuwa yananiona tu, mpaka ndani. Nikaanguka kando yake, nikalia kama mtoto.

Ni kweli, mdogo wangu. Ufunguo nilikuwa nao. Nilisimama nje nikikusikia unaniita, "Dada, dada," mpaka sauti ikakukauka, kisha nikaenda kuosha vyombo. Miaka ishirini na sita, tangu mjomba akuchukue, nimekuandikia kila kitu, hilo nikalipita kando.

Baba hakuniagiza salamu. Anasema hana haki ya kukutumia hata neno moja. Mimi pia sina, lakini naliandika: nisamehe.

Mpe wifi salamu zangu, wabusu mapacha, na umpe pole mjomba kwa mkono uliovunjika. Mungu akuzungushie amani yake, wewe na wote walio chini ya paa lako.

Wako akupendaye, anayengoja jibu lolote, hata la hasira,

Dada