Hendibreki ya Baba

Akanisi rafiki yangu, nimeaibika hadi nashindwa kutoka nje ya banda.

Unajua breki za nyuma za gari la baba zilikuwa zinalia tangu Krismasi. Kesho asubuhi lazima nimpeleke mama hospitali ya Labasa kusafishwa damu, na gari lingine hapa kijijini hakuna. Nikaamua kuzifungua mwenyewe.

Gurudumu likatoka vizuri. Dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, ikagoma. Naivuta, wapi! Kuipiga nyundo siwezi, maana baba tumemzika juzi na kijiji kizima kiko kimya hadi siku nne ziishe. Hata watoto wananong'ona.

Nikapiga. Mara moja tu, Akanisi. Halafu mara tisa.

Kugeuka, ba'mdogo Vilikesa kasimama nyuma yangu na sulu yake nyeusi, ile shuka ya kiunoni ya msiba. Nyuma yake wanawake wote wa jikoni.

"We Losalini! Unamwamsha kaka yangu?"

"Dramu haitoki, ba'mdogo."

Akachungulia ndani ya gari. "Hendibreki iko juu! Itatokaje wakati breki zimeikaba? Siku tatu watu wanakoholea kwenye mito ya kulalia wasisikike, wewe unatupigia kengele kwa ajili ya hendibreki?"

Wanawake wakacheka, viganja mdomoni. Ba'mdogo akazuia magurudumu kwa mawe, akaishusha hendibreki, akavuta dramu kwa mikono miwili. Ikatoka kama kifuniko cha sufuria.

Nilijua iko juu. Akanisi, nilijua. Baba ndiye aliyeipandisha, siku ile ya mwisho aliporudi kutoka shambani, na sikutaka mkono mwingine uishushe.