Jina Lako Bado Linabisha Hodi Chuoni

Dada yangu Awinja,

Nakuandikia kwa mashine yako mwenyewe, ile laptopu nyeusi yenye kibandiko kilichobabuka pembeni. Kitufe cha A bado kinataka kupigwa mara mbili, kwa hiyo jina lako linanisumbua kuliandika. Sijui barua ya kumwandikia mtu aliye kaburini huanzaje. Nikikuuliza hali nitakuwa mjinga, na nikikwambia sisi huku ni wazima nitakuwa mwongo. Mama amekonda. Mimi nimekuwa mtu wa hasira ndogondogo, nagombana na milango na vifuniko vya sufuria.

Siku ya kunyolewa sisi wafiwa, siku ya tatu baada ya kukuzika, Senje alikaa mbele ya nyumba akagawa vitu vyako, kama dada ya baba anavyopaswa kufanya kwetu Butere. Gauni la bluu likaenda kwa binamu, sweta akapewa Mama. Laptopu ikabaki peke yake kwenye mkeka. Watu waliitazama kama kuku wa jirani aliyeingia uani, kila mmoja akingoja mwingine aiguse.

"Hii chuma ya Awinja apewe huyu mdogo wake," Senje akasema. "Yeye ndio anasomanga hii mambo."

Niliipokea kwa mikono miwili, na moyoni nikaamua kwamba sitabadilisha chochote. Gauni lako linaitwa gauni la Awinja hata likivaliwa na mwingine, basi nikaona laptopu nayo ibaki hivyo hivyo. Nikiiwasha inaonyesha jina lako. Naandika neno la siri ulilonipa wodini, naingia kama wewe. Kazi zangu zote za chuo tangu siku ile nimezifanya ndani ya jina lako. Kuweka jina langu niliona ni kama kukufukuza nyumbani kwako.

Unakumbuka siku ulipoitoa Windows ukaweka mfumo wa Linux? Nilikuwa kidato cha pili, nimekuja likizo kwenye kibanda chako cha kutengeneza kompyuta pale Lurambi, wewe ukiwa bado chuoni, na nilipoona skrini nyeusi nilipiga kelele kwamba umeiua. Ulicheka hadi mteja wako akacheka. "Haijazeeka hii," ulisema, "imebebeshwa tu mizigo mingi." Alasiri ile ukanifundisha kuandika amri. Kila nikiona maandishi ya kosa nilikuwa nafunga upesi, kama mtu aliyefumaniwa. Ukanishika kidole.

"Soma mpaka mwisho. Kompyuta haikasirikangi. Inakwambia tu ile kitu inakosa."

Nilikununia siku nzima. Nilitaka unitengenezee, sikutaka somo. Kusema kweli ndivyo nilivyoishi nawe miaka yote, dada. Wewe ulikuwa mtu wa kunitengenezea.

Sasa nikueleze lililonipata mwezi huu. Mradi wangu wa mwisho ni programu ya kuwajulisha wakulima wa miwa wa Matungu zamu yao ya kukatiwa, ili wasikae wakiuliza kila kukicha huku miwa ikikauka shambani. Ilibidi niuonyeshe mbele ya walimu siku ya Ijumaa, kwenye mashine yangu, ikiwa imeunganishwa na mtandao wa chuo. Ukikosa siku yako unangoja mwaka ujao. Na muhula huu chuo kimeleta programu mpya ambayo lazima uisakinishe kwenye laptopu yako, la sivyo mtandao haukufungulii. Wenzangu wenye Windows walibonyeza mara mbili wakaenda kunywa chai. Mimi nilianza Jumanne, na Jumatano mchana bado nilikuwa natukana.

Nilisakinisha, ikakataa. Nikaitoa, nikairudisha, ikakataa. Nikabadilisha cheti cha usalama kama maelezo yalivyosema, nikarekebisha saa ya mashine, nikaizima na kuiwasha, ikakataa. Nikaipeleka ofisi ya kompyuta ya chuo, kwa Bwana Shikuku, mzee mpole anayevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Ni nani alikuwekea hii Linux?"

"Dada yangu."

"Basi mwambie akuje aitoe," akasema akitabasamu. Alipoona sitabasamu akarudi kwenye skrini. Alijaribu mara mbili, jasho likamtoka. "Wacha tu tufute yote tuweke Windows. Hii ni kazi ya saa moja. Programu yako tutaihifadhi kando."

"Na vitu vyake vingine?"

"Vya nani?"

Niliichukua laptopu nikatoka bila kuaga, na najua ungenigombeza kwa hilo. Nikaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya maktaba. Nilikuwa na siku moja na nusu, na njia pekee niliyopewa ilikuwa kukufuta.

Hapo ndipo nilipokusikiliza, dada, nikiwa nimechelewa kama kawaida yangu. Nikaisakinisha tena, na safari hii nikasoma maandishi yote, mstari kwa mstari. Wa mwisho kabisa ulikuwa mfupi. Ulisema mtandao huu umehifadhiwa tayari kwa mtumiaji mwingine, na mtumiaji huyo hayupo.

Lilikuwa jina lako na namba yako ya chuo. Ulisoma hapahapa, ukamaliza, wakafunga akaunti yako, lakini laptopu haikuambiwa. Kila nilipoiwasha chuoni ilikimbilia kubisha hodi kwa jina lako, ikakataliwa, na kwenye jina langu haikufika. Muhula mzima nimekuwa nalaumu ukuta wa bweni kwamba unazuia mtandao. Kosa nililitengeneza mimi, kwa kung'ang'ania kwamba hakuna kitakachobadilika.

Nililia pale benchini, na sikuona haya. Kisha nikaandika amri ya kuliondoa jina lako kwenye mtandao wa chuo. Nilidhani mashine ingeniuliza kama nina uhakika. Haikuuliza. Nikasakinisha ile programu, nikaandika jina langu, ikashika mara moja.

Ijumaa nilisimama mbele ya walimu na mradi ukafanya kazi. Nimepita. Nakwambia hili kwanza kwa sababu lililobaki ni gumu.

Ili kuondoa jina lako ilibidi nifungue folda ambamo laptopu inaweka kila mtandao iliowahi kujiunga nao. Kila mtandao una faili yake, na faili ina tarehe iliyoandikwa. Ulikuwemo mtandao wa kibanda chako, simu ya Mama, kanisa letu la Butere siku ulipopeperusha ibada mtandaoni. Nilikuwa natabasamu nikizisoma. Halafu nikakuta mtandao wa wageni wa kliniki ya saratani, Kisumu. Tarehe yake ni ya Februari.

Awinja, wewe ulituambia umejua Julai.

Mama hujifariji kwa kitu kimoja tu. Kila mgeni akija kutoa pole humwambia, "Mtoto wangu hakunificha. Siku alijua ndio siku alinipigia." Analisema hilo na bega linamshuka kidogo, anaweza kumeza chai. Nimemtembelea Jumapili nikiwa nimelibeba hili mdomoni, na nimerudi nalo. Sijui kama kumwambia ni ukweli au ni ukatili. Ungekuwepo ningekuuliza wewe.

Nilijiuliza kwa nini ulifungua laptopu kliniki. Mtu anayengoja kuitwa na daktari wa namna ile hatoi mashine kwenye mkoba. Nikafungua simu yangu, nikarudi nyuma kwenye jumbe zetu mpaka nikaipata tarehe ile.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimekwama na zoezi la darasa. Nilikutumia picha ya skrini, na chini yake nikaandika, "Nisaidie sasa hivi, mwalimu anakusanya." Ukajibu, "Ngoja nitafute mtandao." Mimi nikaandika, "Haraka basi, wewe siku hizi unajivutanga sana." Faili ya kliniki iliandikwa dakika sita baada ya ujumbe wangu.

Umenielewa, dada? Mtandao ule umo kwenye laptopu kwa sababu yangu. Ulikuwa kwenye foleni ile peke yako, hakuna mtu wa kwetu aliyejua, na badala ya kunizimia simu uliomba neno la siri pale mapokezi, ukafungua mashine magotini, ukajaribu zoezi langu mpaka likakubali. Kisha ukaniandikia hatua zote, moja baada ya nyingine, bila kuruka hata herufi. Nimezisoma tena leo. Hata utani upo, uliniita Profesa.

Sikukuuliza uko wapi. Kulikuwa na nafasi ya kuuliza, nimeiona kwenye jumbe zile, ni ndogo lakini ipo. Kama ningeuliza labda ungedanganya, na labda ungechoka kudanganya ukaniambia, nami ningepanda gari ningekukuta kabla jina lako halijaitwa. Nalirudia hili nikifua, nikipika, nikiwa darasani. Nimekukosea, na hakuna ofisi ya kulipeleka kosa hili.

Ujumbe wako wa mwisho siku ile ni neno moja: "Imeshika?"

Nami nikajibu, "Ndio." Nikaifunga simu. Hata asante sikuandika.

Asante, Awinja. Pumzika, dada.

Mdogo wako