Shemeji Hakuitikia Shikamoo

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba wauguzi wenzako wameacha kukubambikia zamu zao. Sisi hapa hatujambo. Mama bado anakohoa, lakini analalamika kwa nguvu zote, kwa hiyo tunajua anaendelea vizuri. Baba anakusalimu sana. Mimi nasoma, na shuleni bado naitwa Miwani.

Uliniomba niende kwenye ile Jioni ya Sanaa na Muziki pale makumbusho, nimfikishie mchumba wako salamu, kwa kuwa simu hapokei na wewe ulikosa ruhusa kazini. Nilikwenda. Nitakueleza kwa utaratibu, nawe usirukie mwisho kama unavyofanya na vitabu vyangu.

Milango yote ilikuwa wazi kwa sababu ya joto. Uani walitundika taa za rangi, watoto walichora kwa chaki sakafuni, na wachoraji walisimama kando ya picha zao wakijifanya hawasikii watu wanasema nini. Bendi ilipangwa kwenye ukumbi wa wanyama waliokaushwa, chini ya mifupa ya nyangumi. Mwanga ulikuwa hafifu. Nilimkuta shemeji akifuta tarumbeta lake, nikamwamkia shikamoo. Akatabasamu, akajibu, "Nzuri tu, karibu."

Dada, mtu mzima anaamkiwa shikamoo, anajibu nzuri tu! Nilidhani ananidharau. Nikamwambia kwamba unamsalimu. Akanielekeza kwa upole kwamba choo kiko upande wa kushoto.

Machale yakanicheza.

Unajua mimi mbele ya watu sina maneno, basi nikajibanza nyuma ya kabati la kioo lenye mamba. Kutoka pale, chini ya tumbo la mamba, nilikuwa naona miguu ya wanabendi tu. Kando ya shemeji alikaa mwanamke wa gauni la kijani, mpiga saksafoni. Kabla ya wimbo wa kwanza shemeji alivua kiatu. Yule mwanamke akaweka mguu wake juu ya mguu wa shemeji, na wimbo mzima akawa anambonyeza, anaachia, anambonyeza tena. Nilipochungulia juu ya kabati wimbo ulipokwisha, nilimwona mwanamke akimkonyeza shemeji. Nikasema moyoni, haya, kumekucha. Mchoraji mmoja mnene aliyesimama karibu nami akawa anamweleza mkewe kwamba wale wawili huwatenganishi, hata safarini lazima wakae pamoja. Mkewe akaguna guno refu, nami nikaguna naye kimoyomoyo.

Hapo nikaanza kuyapanga mambo yako upya. Ulituandikia kwamba ndiye mwanamume wa kwanza kukusikiliza hadi mwisho, kwamba ukizungumza hakuondolei macho usoni. Mama alicheka, akasema mwanamume anayesikiliza namna hiyo ana lake jambo. Halafu hizo simu. Kila kitu meseji. Nikajiuliza, mtu asiyetaka sauti yake isikike simuni, huwa yuko na nani chumbani?

Kisha mkurugenzi wa makumbusho akapanda kutoa shukrani, na kipaza sauti kikapiga yowe. Ukumbi mzima tuliziba masikio. Mtoto mmoja alilia, mpiga ngoma akaangusha fimbo zake. Shemeji peke yake alikaa ametulia, anamtazama mkurugenzi kwa tabasamu la adabu.

Walipoanza kufungasha vyombo nikamwendea kwa nyuma. Nikamwambia polepole, kwa kumjaribu tu, kwamba suruali yake imechanika. Nikarudia kwa sauti. Hakugeuka. Aliyegeuka ni yule mwanamke. Uso ukambadilika, akamgusa shemeji bega.

Tulitoka hadi barazani watatu. Mwanamke alinieleza kwamba yeye ni mke wa mpiga ngoma, na kwamba mguu wake ndio unaomhesabia shemeji mapigo. Masikio ya shemeji yamekuwa yakizima tangu mwaka jana. Moja limekufa kabisa, la pili linaokota sauti nzito tu. Kiongozi wa bendi hajui. Akijua, kazi imekwisha. Shemeji alikuwa ananitazama mdomo, ingawa si mimi niliyekuwa nazungumza. Kisha akasema:

"Usimwambie dada yako. Nitamwambia mwenyewe, harusi ikishapita."

Angesema atakuambia kabla ya harusi, ningekaa kimya. Macho yake yalikuwa yamelowa, na sidhani alikuwa anaigiza. Lakini hilo neno "ikishapita" limenikaa kooni. Mtu anayechagua kusema ukweli mlango ukishafungwa, ni aibu inamsukuma au ni ujanja? Nimelitafakari njia nzima na sijapata jibu.

Alikuwa anangoja nimjibu. Sasa nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Niligeukia ukuta, nikajifanya natazama picha iliyotundikwa pale, na nikiwa nimempa mgongo nikasema, "Nitamwambia." Nilisema wazi, wala sikunong'ona. Mke wa mpiga ngoma alinisikia, akainamisha kichwa. Kisha nikamgeukia shemeji nikatabasamu, naye akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.

Mama na Baba hawajui lolote, na mimi sitawaambia. Uamuzi ni wako, dada. Ila siku utakayomwuliza, kaeni penye mwanga, na usimwonee kama nilivyomwonea mimi.

Wasalimie wenzako wa wodini. Ukipata nafasi uje, chumba chako bado hakijachukuliwa na vitabu vyangu, isipokuwa kitanda.

Mdogo wako akupendaye,
Miwani