Bobini Hafungwi Mnyororo

3 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko kituo cha wanyama? Mimi mzima, isipokuwa goti hili la kukanyagia cherehani limeanza visa. Nakuandikia kwa sababu simu yako kila nikipiga inanijibu mashine, na mimi sijazoea kusalimiana na mashine.

Mtoto wa mbwa uliyeniachia anaendelea. Wenzake wote niliowalea kabla hawajapata wa kuwachukua walikuwa watundu, wengine walinitafunia hata sentimita ya kupimia. Huyu jamani! Kutwa kajibanza nyuma ya marobota ya vitambaa. Chakula hagusi mpaka nimpe kisogo. Ila nikianza kushona tu, huyoo, anatambaa mpaka chini ya cherehani, anajilaza kwenye mguu wangu. Nikisimamisha, karudi mafichoni. Basi nimemwita Bobini, kama kile kigurudumu cha uzi, kwa kuwa makazi yake ni huko chini ya sindano.

Mtafutieni nyumba ya kudumu, na iwe nyumba ya watu. Wala usiniambie nibaki naye. Nina miaka sabini na moja. Huyu bado ana maisha marefu, na sitaki siku moja abaki amekaa chini ya cherehani anamsubiri mtu asiyerudi.

Shangazi yako

15 Februari

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limepoa. Sisi hatujambo, ila kazi ni nyingi na meneja kanuna.

Kanuna kwa ajili yako. Ile familia tuliyokuletea ilisema ilikaa mpaka ikachoka, haikuona hata mkia. Mwalimu aliyekuja baada yao naye anasema ulimuuliza kama huwa anafoka nyumbani, ukamuuliza tena, kisha ukamwomba afoke kidogo usikie. Shangazi! Umemhoji mtu wa watu kama polisi.

Halafu nimewaza kitu. Bobini hutoka cherehani ikilia. Na wewe nakujua, mgeni akipiga hodi tu unaisimamisha, unaifunika na kitambaa, unamvutia kiti. Sasa atatokaje? Wakija wengine, endelea kushona. Nakusihi.

Mwanao

18 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti halijapoa, na barua yako imelichochea.

Nimpokee mgeni nimempa mgongo, mguu unakanyaga, mdomo una pini? Thubutu! Mgeni akiingia kwangu cherehani inasimama. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa, na ndivyo nilivyomfunza kila aliyejifunza kazi hapa, akiwemo yule wa ng'ambo ya barabara. Unamkumbuka? Nilimfundisha kukata kola, alikuwa akiniita Mama, asubuhi moja akaondoka bila hata kwaheri, akafungua duka lake linalotazamana na langu. Salamu hatupeani. Cherehani yake ikianza kulia, mimi nafungulia redio.

Mwalimu alifoka vizuri sana, kwa taarifa yako. Ndiyo maana hakumpata.

Shangazi yako

2 Machi

Shikamoo Shangazi,

Sina habari njema, afadhali niseme moja kwa moja. Kuna mtu mwenye ghala la saruji anatafuta mbwa wa kufunga getini. Meneja kampa Bobini. Anasema mbwa mwoga hachukuliwi na familia, na woga utamtoka akishakaa kwenye mnyororo. Nilibishana naye. Akaniambia mimi nimeajiriwa kuosha vizimba, siyo kutoa maoni.

Gari litakuja Jumamosi. Tafadhali usimtukane dereva, yeye katumwa tu. Nimeshindwa kulala, Shangazi. Ni mimi niliyemleta kwako nikikuahidi atapata kwake.

Mwanao

4 Machi

Mwanangu,

Salamu tutapeana siku nyingine.

Bobini hafungwi mnyororo. Mwambie meneja hivyo hivyo, usimpambie. Mwambie ghala la saruji lilindwe na saruji yenyewe. Gari lije, nitakaa mlangoni na mkasi wangu mkubwa, na goti hili bovu nitalinyoosha katikati ya mlango. Mbwa anayeogopa kijiko kikianguka, umfunge getini wanakopita malori? Mtu gani anawaza hivyo na bado anaitwa mpenda wanyama?

Dereva sitamtukana. Nitamtazama tu.

Shangazi yako

9 Machi

Shikamoo Shangazi,

Hujambo kweli? Dereva amerudi mikono mitupu. Anasema alikukuta umekaa kizingitini unalia, ukamwambia mbwa hayupo, naye hakuwa na moyo wa kuuliza zaidi. Meneja anasema umemficha. Akaniita mbele ya wenzangu wote niseme yuko wapi.

Nikamwambia sijui, na hata ningejua nisingesema. Nikamwambia na lile la saruji, kama ulivyoagiza, sikupamba. Wenzangu walicheka mpaka akatoka nje. Sijui kama bado nina kazi. Kwa sasa sijali hata kidogo, nataka kujua kitu kimoja tu: Bobini yuko wapi? Kama umemficha, usiandike. Kama kapotea, niandikie leo hii.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Mimi mzima, na wewe umenifurahisha kuliko nguo yoyote niliyowahi kumaliza. Sasa tulia usome.

Jumamosi asubuhi mkanda wa cherehani ulikatika. Nikasema niwahi kununua mwingine kabla gari halijafika. Nilifunga mlango, kumbe haukushika. Kurudi, nyuma ya marobota hamna kitu. Niliita mpaka sauti ikakauka. Dereva alinikuta hapo kizingitini, na nilichomwambia ni kweli tupu. Nililia, ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa kupigana, na hapakuwa na wa kumpigania.

Alipoondoka nikazima redio ili nisikie kama mbwa analia popote. Nikasikia cherehani ya yule wa ng'ambo.

Nikavuka barabara. Mimi! Miaka yote hii sijawahi kukanyaga upande ule. Nikapiga hodi, nikaingia, akaniona, na hakusimamisha cherehani. Mguu unakanyaga, macho kwenye kitambaa. Damu ilinichemka. Nikataka kumwambia, hivi ndivyo nilivyokufunza kumpokea mtu? Akanyoosha kidevu kuelekea chini. Bobini alikuwa amelala juu ya mguu wake, ulimi nje kidogo, usingizi mzito.

"Nikisimama atakimbia," akasema. "Kaa, Mama. Nisamehe sikuvutii kiti."

Nikavuta mwenyewe. Alikuwa anashona pazia, alipofika mwisho akalirudia kwa mshono wa pili usiokuwa na kazi yoyote, ili tu asiinyamazishe ile cherehani. Tuliongea hivyo hivyo, yeye kanipa mgongo. Akasema anamtaka, kama hana mwenyewe. Nikamhoji kama nilivyowahoji wote. Unafoka nyumbani? Akasema anaishi peke yake, amfokee nani. Utamfunga? Mguu ukazidi kwenda.

"Wewe hukunifunga," akasema. "Kwa nini nimfunge yeye?"

Nikakagua pazia lake. Mishono imenyooka. Nani alimfundisha?

Bobini akaamka, akaniona, na mkia ukatikisika. Akaja akaninusa vidole, mbele ya macho ya mtu mwingine, mchana kweupe. Kisha akarudi kwenye mguu wa yule binti. Iliniuma, sitakuficha. Lakini ana miaka thelathini na kidogo, miguu yote miwili mizima. Huyo ndiye atakayemzika Bobini akizeeka, Bobini hatamsubiri mtu asiyerudi. Nikamwambia mchukue.

Kwa hiyo mwambie meneja mbwa kapata nyumba, na kama ana neno avuke barabara, atatukuta wawili na mikasi miwili. Akikufukuza kazi, njoo hapa. Mkanda mpya nimeshautia, na mgongo wangu unahitaji mtu wa kuinua marobota.

Redio siku hizi siifungulii. Cherehani ya ng'ambo ikilia, najua kalala. Leo mchana ilinyamaza kwa muda mrefu, nikaona mlango wao uko wazi na Bobini amekaa kizingitini, anatazama watu wakipita. Hakukimbia.

Na usianze kuwaambia watu kwamba tumepatana. Sijamsamehe. Nimempa mbwa tu.

Shangazi yako