Kompyuta Niliyoichagua kwa Vidole Vyangu

Mayu, mama yangu,

Mwadila? Goti linaendeleaje, au bado unakwenda kupalilia pamba kwa siri? Mimi huku Morogoro ni mhola, salama. Nilikuwa na mafua, yamepita. Kaka Masunga, najua ndiye unayemsomea. Soma polepole, usiruke mahali.

Kiwanda kimeuzwa, mayu, kama mlivyosikia redioni. Mmiliki mpya amepunguza watu, na mimi nimo. Usishtuke, sikiliza kwanza.

Siku ya kuagana meneja alituita ofisini mimi na Bi Rehema, mpiga chapa mwenzangu aliyenitangulia kazini miaka mingi. Mezani palikuwa na kompyuta mbili. Moja laptop, nyembamba kama daftari, unaifunga na kuitia mkobani. Nyingine ile kubwa ya mezani, kioo chake kama televisheni.

"Kila mmoja achukue moja," akasema. "Ni asante yetu."

Roho yangu iliruka kwenye laptop. Nilishajiona nashuka nayo stendi ya Bariadi, watu wananitazama. Bi Rehema ndiye aliyekuwa na haki ya kuchagua kwanza, lakini akaniambia, "Chagua wewe, mdogo wangu. Ila chapa kwanza ukurasa mmoja kwa kila moja."

Nikaanza na laptop. Vitufe vimebanana, na unavijua vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia, vile vilivyoungua motoni nikiwa mdogo. Havikunjiki sawasawa. Nikigusa herufi moja, ya jirani nayo inaitika. Mistari mitano, makosa tele. Niliona aibu.

Nikahamia ile kubwa. Vitufe vimeachana, vinazama vizuri. Nikamaliza ukurasa bila kosa.

Meneja akashangaa. "Nani alikufundisha kuchapa na vidole hivyo?"

Nikasema chuo. Nilidanganya, mayu. Chuo kilinifundisha herufi tu. Vidole ulinipa wewe, uliyevikanda kwa samli kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, mimi nalia nakuita mbaya, nawe unalia lakini huachi. Asante, mayu. Sijawahi kukuambia.

Nikachukua ya mezani. Bi Rehema alinisaidia kuisukuma kwa mkokoteni hadi kichumba nilichopanga karibu na soko ili niwachapie watu kazi zao. Nikamuuliza, "Na wewe dada, utafanyia wapi kazi?"

Akacheka. "Hapa, kama unanitaka."

Basi tuko wawili. Yeye anazunguka na laptop kwenye mashule na maofisi kutafuta wateja, mimi nachapa. Kiinua mgongo kilitupatia printa ya mtumba. Wiki hii mwalimu mmoja ametuletea mitihani ya shule nzima.

Nisalimie shangazi Kabula, mwambie kitenge alichonipa ndicho ninachovaa kazini. Msalimie mjomba anayetuchungia ng'ombe, na mchungaji wetu aliyeniombea siku naondoka. Na wakikuuliza binti yako ameajiriwa na nani siku hizi, waambie amejiajiri.

Mwanao anayekukumbuka kila siku,
Nyanzobe