Mkono wa Rubeni Mdogo

Lushoto,
Julai 1974

Dada yangu mpenzi Yudith,

Shikamoo dada. Naamini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, pamoja na joto lenu la Mombo lisilo na huruma. Sisi huku juu hatujambo, ila baridi imetufanya tulale na makoti. Maharage yamestawi. Mke wangu Dorkasi anakuamkia, na anakukumbusha ile kanga uliyomwahidi.

Mimi nilivunjika tena. Usishtuke, nimeshazoea. Tulikuwa kwenye shamba la ujamaa tunachimba makinga maji, nikateleza kidogo tu, tena mahali ambapo mtu mwingine angejikung'uta na kuendelea. Mguu ukakatika. Balozi wetu wa nyumba kumi, mzee Hezekia, akatangaza mbele ya watu kwamba kijiji kimempata kupe, maana eti navunjika kila msimu wa jembe unapowadia. Watu walicheka, nami nikacheka nao, ingawa kwa kweli iliniuma. Hata hivyo aliyenibeba kwa machela ni Hezekia huyo huyo, akihema na kunisema njia nzima.

Sasa, habari yenyewe iko hospitali. Daktari ni kijana wa Kibondei, anaitwa Saidi, mtu asiye na papara. Kabla hajaugusa mguu alinivuta kope akanitazama macho, kisha akauliza ni nani mwingine kwetu ambaye weupe wa macho yake una rangi ya buluu. Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni ukoo mzima, kwamba marehemu baba yetu Rubeni alisifiwa kwa macho hayo, na kwamba dada yangu alichumbiwa kwa ajili ya macho hayo hayo. Hakucheka. Akauliza kama baba alikuwa na ulemavu. Nikasema alivunjika nyonga akishuka tu kitandani, akachechemea hadi kufa. Akauliza kama wapo wanaopungukiwa usikivu mapema. Nikakukumbuka wewe, dada, ambaye siku hizi nikizungumza nawe napaza sauti kama mtu wa mnadani. Nikasema wapo.

Ndipo akanieleza, nami nakueleza kama nilivyoelewa. Mfupa si chokaa tupu. Ndani yake zimo nyuzi za protini iitwayo kolajeni, na hizo ndizo zinazoushika, kama fito zinavyoshika udongo wa nyumba zetu. Fito zikiwa chache, ukuta unapasuka ukiegemewa tu. Kwetu sisi nyuzi hizo ni haba tangu tumboni, na tunarithishana: mtoto huyu anapata, yule anasalimika. Weupe wa jicho nao umejengwa kwa nyuzi hizo hizo. Zikipungua unakuwa mwembamba, na rangi ya ndani inaonekana. Dawa haijapatikana, lakini mtu akijua anajitunza, na anaweza kuzeeka vizuri. Macho tuliyojivunia ndiyo yaliyokuwa yakitoa siri yetu miaka yote. Daktari alimweleza na Hezekia, naye akaja kuniomba radhi mbele ya wale wale waliocheka. Leo mimi ndiye mtunza ghala wa kijiji, kupe mwenye ufunguo.

Sasa keti, dada, kama ulikuwa umesimama. Wodi ya watoto nilimkuta mkweo Secilia na mjukuu wako Rubeni. Najua ulimrudisha kwao Mazinde baada ya Pasaka, ukasema amemvunja mtoto mkono. Ulituambia sote kwamba msichana yule wa Kikatoliki ana mkono mzito, na mwanao Tobia akanyamaza, kwa sababu mbele yako Tobia hunyamaza daima. Wazazi wa Secilia walimpandisha huku mtoto alipovimba paja bila hata kuanguka. Nilikuwapo nesi alipomwinua kumbadilisha nepi, taratibu kama anayeokota yai, na mguu wa pili ukavunjika mbele ya macho yetu. Nesi alilia kuliko mtoto. Daktari alipomfunua Rubeni kope, alinigeukia akanionyesha buluu ile ile.

Linalofuata nimelipima sana kabla ya kuliandika. Hata hapo Secilia hakujitetea. Ni Dorkasi aliyemtoa maneno, wakimenya viazi. Asubuhi ile mkono ulipovunjika, mtoto alikuwa kwenye beseni mikononi mwako wewe. Ulikuwa ukimwogesha na kumnyoosha viungo, kama mama alivyotunyoosha sisi, na bibi alivyomnyoosha mama. Secilia aliusikia mfupa. Wewe hukuusikia, dada, kwa kuwa masikio yako yameanza kuondoka. Mkono ulipovimba ukauliza nani kamvunja mtoto, naye akainamisha kichwa. Alimwambia Dorkasi kwamba mkamwana hawezi kumtolea mama mkwe neno kama lile mbele ya watu wa nyumba yake, ni afadhali yeye arudi kwao.

Sikuandikii ili nikuhukumu. Mikono yako haina kosa, na yake pia haina. Ulifanya anachofanya kila bibi, kwa upendo, na damu ya baba yetu ndiyo iliyokuwa imetangulia kwenye beseni.

Naungama moja: wako hapa kwangu. Walipotoka hospitali niliwachukua bila kukuuliza, kwa kuwa mimi ni mjomba wa Tobia na nyumba ya mjomba haina mlango. Nimemwambia Secilia hatoki hapa mpaka afuatwe kwa heshima. Usimtume Tobia peke yake. Njoo mwenyewe. Nakujua, utanikasirikia mpaka jioni, kisha kesho yake utapanda basi.

Msalimie sana shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Secilia anakuamkia, shikamoo mama. Anasema ukija usiogope kumshika mtoto. Daktari amemwonyesha namna ya kumwogesha, naye atakuonyesha wewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mika