Usirudi Kumuuguza Mama

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo, na shemeji msalimie sana huko Singida.

Kuna jambo kuhusu harusi yako. Nililia kanisani mpaka mjomba akanipa leso, akasema huyu kweli anampenda dada yake. Dada, nilikuwa nawaza nani atamgeuza Mama kitandani. Umekaa naye kule mlimani miaka yote, umepata mchumba mvi zimeshaingia, na mimi nalilia zamu!

Unakumbuka nilivyokuwa nakuja Jumamosi na kilo ya nyama, nakaa kidogo, naondoka na mkungu wa ndizi? Mama anawaambia majirani, "Mwanangu ananitunza." Wewe uko jikoni unampikia mtori, unanitania: "Mtunzaji, kunywa chai basi, usije ukaanguka njiani kwa uchovu." Nilikuwa nacheka. Chai nakunywa.

Sasa Mama yuko kwangu Njiro. Kitambulisho chake cha mzee kinamtibu bure, na hospitalini wazee wana dirisha lao. Hilo serikali imefanya, nashukuru. Ila lile dirisha haliji nyumbani kumgeuza mtu. Wifi yako anamwogesha alfajiri kabla ya kwenda kufundisha. Mchana je? Nikaenda kwa afisa utumishi wetu kuomba ruhusa ya kumuuguza.

"Mtoto akiugua, ruhusa ipo," akaniambia. "Mzazi, mpaka afariki."

"Sasa nikamwambie afanye haraka?"

Tukacheka wote. Halafu akashusha sauti, kwa huruma kabisa: "Kwani kaka, huna dada?"

Kumbe utaratibu wote huo umekaa juu ya mgongo wako, na aliyeukalia kwa raha kuliko wote ni mimi.

Nimechukua likizo yangu ya mwaka. Ikiisha, sijui. Mama analalamika kwamba namgeuza kama gunia la mahindi, nimguse taratibu kama wewe. Jana nikashika simu nikupigie, niseme anakuulizia kila siku. Si kweli, dada. Nilipomtajia tu jina lako alisema, "Mwache akae na mumewe."

Kwa hiyo siku nikikupigia nikasema Mama anakutaka, ujue ni mimi nimechoka. Nipe pole, halafu ukate simu. Usirudi.

Ni mimi,
mdogo wako